Chai ya makaa ya Wachina ina funzo kwa sufuria yako

*Chai ile ile yaweza kuwa tamu au chungu, ya manufaa au ya kukupunguzia nguvu. Yategemea moto, maji na saa unayoinywa*

UKIPITA Wamunyu alfajiri, kwenye barabara itokayo Machakos kupitia Masii hadi Kitui, utakuta majiko yamewashwa mapema. Katika vibanda vya chai sufuria zinatokota, na wachongaji ambao vinyago vyao vimefika pembe zote za dunia hupata kikombe kimoja au viwili kabla ya kushika tezo. Majumbani nako mama ameshabandika chai. Atakayechelewa kuamka ataikuta papo hapo jikoni, majani yakiwa bado ndani, imepoa na kuchemshwa tena mara mbili au tatu.

Hebu jiulize, msomaji. Kwa nini majani ya paketi moja hutoa chai tamu leo, na kesho yakatoa chai chungu inayokwaruza ulimi? Kwa nini chai ya jirani huwa nzuri kuliko yako ilhali nyote mlinunua majani katika duka moja? Na jambo lililo kubwa zaidi: je, wajua kwamba kikombe unachoteremshia muthokoi kinaweza kuunyima mwili wako madini ya chuma yanayohitajika kutengeneza damu?

Majibu ya maswali haya yamo katika mambo matatu: moto, maji na wakati. Na pengine hakuna chai inayotufunza mambo hayo vizuri zaidi kuliko ile ya Wachina inayokaushwa juu ya makaa. Tuanze nayo, kisha turudi kwenye sufuria yako.

MTI NI MMOJA

Wengi hudhani kwamba chai nyeusi, chai ya kijani na chai za Wachina hutoka kwa miti mbalimbali. Sivyo. Zote hutoka kwa mmea mmoja ambao wanasayansi huuita *Camellia sinensis*, ule ule uliopandwa Limuru mwaka 1903 na mlowezi G.W.L. Caine, na ambao leo umefunika milima ya Kericho, Nandi, Kisii, Murang'a, Kirinyaga na Meru. Huku Ukambani mvua ni haba, kwa hiyo chai hutufikia ikiwa ndani ya paketi.

Tofauti huja baada ya majani kuchumwa. Ukikata tufaha au biringanya na kuiacha mezani, baada ya muda mfupi hugeuka rangi kwa sababu ya hewa. Majani ya chai nayo hufanya hivyo yakipondwa. Yakipashwa moto mapema kabla ya kugeuka, tunapata chai ya kijani. Yakiachwa mpaka yageuke kabisa, tunapata chai nyeusi tuliyoizoea. Na yakisimamishwa katikati ya safari hiyo, tunapata chai ambayo Wachina huiita *wulong*, maana yake joka jeusi. Sisi tutaiita ulongi. Hapa nchini pia wako watengenezaji wachache wanaoitengeneza, ingawa sehemu kubwa mno ya chai ya Kenya ni nyeusi.

Chai yetu ya kila siku hukatwa, hukwanyuliwa na kuviringishwa kiwandani mpaka iwe chembe ndogo ndogo. Kazi ya chembe hizo ni kutoa rangi upesi, hata ndani ya maziwa. Kumbuka neno hilo "upesi", maana tutalirudia.

MOTO WA POLEPOLE

Katika milima ya Wuyi, mkoa wa Fujian huko Uchina, ulongi haimaliziki kwa kukaushwa tu. Majani huwekwa kwenye vikapu vya mianzi juu ya makaa yaliyofunikwa jivu ili yasitoe miali wala moshi. Hukaa juu ya joto hilo la chini kwa saa kadhaa huku yakigeuzwageuzwa. Mara nyingi hupumzishwa kwa siku au majuma, kisha hurudishwa tena kwenye joto.

Mtu wa Wamunyu ataelewa jambo hili haraka. Kazi ya uchongaji hapa ilianzishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Mchongaji yeyote atakuambia kwamba gogo bichi likikaushwa kwa pupa hupasuka. Chai nayo ni hivyo hivyo: moto mkali huunguza nje na kuacha ndani na unyevu, na mnywaji huambulia ladha ya masizi. Moto wa polepole hupenya hadi ndani.

Ndani ya jani hilo sukari kidogo ya asili hukutana na chembe za protini na kubadilika kwa joto. Ndilo jambo lile lile linaloipa chapati madoa yake ya hudhurungi na mahindi ya kuchoma harufu yake. Sehemu ya vitu vinavyoleta uchungu, viitwavyo katekini, nayo hubadilika. Kwa sababu hiyo, ulongi iliyopitishwa kwenye makaa haina ukali wa chai ya kijani. Harufu yake inakumbusha karanga zilizokaangwa, mahindi ya kuchoma na sukari iliyoungua kidogo. Ukishaimeza, utamu mwepesi hurudi kooni na kukaa kwa muda, na hakuna aliyetia hata punje ya sukari.

JINSI YA KUIANDAA

Wachina hawaichemshi chai hii sufuriani. Hutia majani mengi kwenye kibuli au bakuli dogo lenye kifuniko, kiasi cha gramu 5 hadi 8 kwa maji yasiyozidi kikombe kimoja kidogo. Maji yakiwa yametoka tu kutokota humiminwa juu, na mara nyingi yale ya kwanza humwagwa ili kuosha na kuamsha majani. Maji ya pili huachwa sekunde 10 hadi 30 tu, kisha chai yote humiminwa kikombeni. Majani yale yale hutiwa maji tena na tena, kila mara yakiachwa muda mrefu kidogo, na yanaweza kutoa vikombe vitano au zaidi. Kikombe cha kwanza huwa na harufu ya makaa, vya katikati huwa na utamu, na vya mwisho huwa vyepesi.

Ikiwa huna vyombo hivyo, usihangaike. Chukua kijiko kimoja kikubwa cha majani, yaani kama gramu 3, tia kwenye kikombe au jagi dogo, mimina maji ya moto, funika, ngoja dakika tatu, kisha chuja. Wamunyu iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na maji ya hapa huchemka yakiwa na nyuzijoto 96 hivi. Joto hilo linaifaa kabisa chai iliyopitia makaa. Usitie maziwa wala sukari mara ya kwanza. Onja kwanza.

Tahadhari moja. Chai hii huuzwa mijini kwa bei ya juu, na wako wauzaji wanaoisifu kwamba huyeyusha mafuta mwilini, huponya kisukari na kusafisha damu. Usidanganyike. Ulongi ni kinywaji kizuri chenye ladha nzuri. Si dawa, na asiache mtu vidonge alivyoandikiwa na daktari kwa ajili yake.

FUNZO KWA CHAI YA MAZIWA

Bila shaka utasema, "Mimi sina ulongi, nina majani ya paketi, maziwa na tangawizi." Vyema. Funzo ni lile lile.

Harufu nzuri ya chai hutoka mapema, na kafeini, ile inayochangamsha mwili, hutoka mapema pia. Tanini, ambazo ndizo zinazoukausha na kuukwaruza ulimi, huzidi kutoka kadiri majani yanavyokaa kwenye maji ya moto. Sufuria ikitokota dakika ishirini, harufu hutoroka na mvuke, na unachobakiwa nacho ni rangi na ukali. Hapo ndipo mtu huongeza sukari ili kuficha uchungu alioutengeneza mwenyewe.

Basi badili mpango. Ikiwa unatumia tangawizi, iponde na uichemshe kwanza na maji peke yake. Tia maziwa, acha yachemke vizuri. Majani yawe ya mwisho: kijiko kimoja cha chai kwa kila kikombe chatosha, kwa kuwa chembe zetu hutoa rangi upesi. Punguza moto, yaache dakika tatu au nne, epua na uchuje. Chai ya kuweka kwenye themosi iwe imeshachujwa, wala majani yasiachwe ndani yakiendelea kukolea hadi jioni. Kila mtu ajitilie sukari yake mwenyewe mezani.

Kwa chai ya rangi, au strungi kama wengi waiitavyo, ni rahisi zaidi. Maji yakitokota, epua, tia majani, funika dakika tatu, chuja.

Usisahau pia mahali pa kuyaweka majani. Chai hunyonya harufu haraka. Ukiiweka karibu na mafuta ya taa, sabuni au vitunguu, utakunywa mafuta ya taa, sabuni au vitunguu. Iweke kwenye mkebe mkavu wenye kifuniko kinachobana.

MAJI YA KISIMA NA MAJI YA MVUA

Wenyeji wa Ukambani wanajua kwamba maji si yote sawa. Visima vingi vya kuchimbwa vina maji ya chumvi chumvi, na kuna maji ambayo sabuni haitoi povu ndani yake. Maji ya namna hiyo yana chokaa nyingi. Ukipikia chai ya rangi, hukosa mng'ao, ladha hufifia, na juu huelea utando mwembamba kama ngozi. Watu wengine hudhani majani ni mabaya au sufuria haikuoshwa. Kumbe utando huo hutokea pale chokaa ya maji inapokutana na vitu vilivyo ndani ya chai pamoja na hewa.

Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi ni laini, na chai yake hung'aa. Ikiwa unayo, yatengee chai, na ya kisima uyafanyie kazi nyingine. Yale yanayochotwa mtoni au katika mabwawa ya mchanga ni lazima yachemshwe mpaka yatokote kabla ya matumizi yoyote ya kunywa, kwani homa ya matumbo na kipindupindu havibagui mnywaji wa chai. Kwa sababu hii usiyaepue maji kabla hayajatokota ati kwa ajili ya ladha. Usalama ni kwanza.

CHAI NA DAMU YAKO

Sasa tufike penye uzito. Mlo wa kawaida wa nyumba nyingi huku ni muthokoi au isyo, yaani mahindi na maharagwe, pamoja na kunde, mbaazi, pojo na mboga za majani. Vyakula hivi vina madini ya chuma. Lakini chuma cha mimea si kama cha nyama. Mwili hukipokea kwa shida, na ni rahisi kizuiwe njiani.

Mzuiaji mmoja mkubwa ni chai. Vile vitu vinavyoipa chai ukali wake hushikamana na chuma tumboni, na chuma hicho hupita bila kufyonzwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chai nyeusi ikinywewa pamoja na mkate ilipunguza chuma kilichofyonzwa kwa asilimia 79 hadi 94. Na wale wanaojifariji kwamba maziwa huondoa madhara hayo wasikie: utafiti huo huo uliona kwamba maziwa hayakuleta tofauti ya maana. Maziwa hulainisha ukali ulimini tu. Ulongi nayo, japo imepunguziwa ukali na makaa, haijasamehewa. Ina vitu hivyo hivyo.

Je, tuache chai? La hasha. Hapa ndipo wakati unapoingia. Utafiti mwingine, uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2017, uliwahusisha wanawake 12. Walipokunywa chai pamoja na chakula, chuma kilichofyonzwa kilipungua. Waliponywa saa moja baada ya kula, upungufu huo ulikuwa mdogo zaidi. Chai haikubadilika. Kilichobadilika ni saa.

Kwa hiyo, muthokoi na maharagwe yateremshwe kwa maji, na chai ingoje saa moja au zaidi. Afadhali zaidi, malizia mlo kwa chungwa, embe au papai, matunda ambayo Ukambani imejaliwa kwa wingi katika msimu wake. Vitamini C iliyo ndani yake hufanya kinyume cha chai: husaidia chuma kufyonzwa. Chai na mandazi ya saa nne haina ubaya mkubwa. Ubaya ni chai iliyokaa kando ya sahani ya chakula chenyewe.

Isieleweke kwamba chai peke yake humwishia mtu damu. Malaria, minyoo, hedhi nzito na uzazi wa karibu karibu ni visababishi vikubwa. Na mwanamume mwenye afya anayekula nyama mara kwa mara hana haja ya kuhofia kikombe chake. Lakini mama mjamzito, anayenyonyesha, msichana aliyevunja ungo na mtoto anayekua wana akiba ndogo. Kwao, kikombe kinachonywewa kila siku pamoja na chakula kinaweza kuwa tone linalojaza mtungi.

Mama mjamzito azingatie mambo mawili zaidi. Kwanza, vidonge vya chuma anavyopewa kliniki avimeze kwa maji, asivimeze kwa chai. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka 2016 kwamba wajawazito wapate miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku, na ni hasara kuvipanga foleni vidonge hivyo kisha ukavizuia mwenyewe tumboni. Pili, shirika hilo lilishauri kwamba anayetumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze. Kikombe cha chai nyeusi huwa na miligramu 30 hadi 50 hivi, kwa hiyo vikombe viwili au vitatu havina neno, lakini anayekunywa kutwa nzima ahesabu.

Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji chochote ila maziwa ya mama. Kumpa chai kwenye chupa, hata ikiwa nyepesi na yenye maziwa, ni kumjaza tumbo na kumnyima chakula. Na huyo aliyeanza kula uji na maharagwe yaliyopondwa, chai isiwe kinywaji chake cha mlo.

SUKARI NA JOTO

WHO ilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja kwa kumi ya nguvu tunazopata kwenye chakula, na ni vizuri zaidi ikiwa nusu ya hiyo, yaani kama gramu 25 au vijiko sita vya chai kwa mtu mzima kwa siku. Anayetia vijiko vinne katika kila kikombe na kunywa vikombe vitatu amefika kumi na viwili kabla hajala chochote kingine. Chai isiyochemshwa kupita kiasi haihitaji sukari nyingi. Punguza nusu kijiko kila juma, na ulimi utazoea.

Jambo la mwisho ni joto. Wako wanaojivunia kunywa chai ikiwa bado yafuka moshi. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzijoto 65, huenda husababisha saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani hiyo si ngeni Afrika Mashariki. Lawama si ya chai bali ya joto. Baada ya kumimina, subiri dakika tano hivi. Ikiwa ulimi unakataa, umio nao unakataa, ila hauna sauti.

YA KUKUMBUKA

1. Majani yatiwe mwisho, yakae dakika tatu au nne, kisha yachujwe.

2. Chai iliyolala na majani yake isichemshwe tena. Pika mpya, hata ikiwa kidogo.

3. Maji ya mvua hutoa ladha bora, lakini maji yoyote yatokote kwanza.

4. Kati ya chakula na chai ipite saa moja au zaidi. Baada ya chakula kula tunda.

5. Vidonge vya chuma humezwa kwa maji.

6. Acha kikombe kipoe kidogo.

Ukijiona unachoka bila kazi, unapata kizunguzungu, moyo unaenda mbio ukipanda kilima kidogo, au ndani ya kope zako pamekuwa peupe, usijitibu kwa kubadilisha chai. Nenda kituo cha afya kilicho karibu upimwe damu. Kipimo ni rahisi, na chanzo kikijulikana tiba ipo.

Kisha urudi nyumbani, ule muthokoi wako, umenye chungwa, ungoje kidogo, ndipo ubandike maji ya chai.